Kutembelea Istanbul: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Matembezi na Mahali pa Kula

Majibu haya yameandaliwa kwa ajili ya msafiri anayetoka Afrika Mashariki, awe anapitia Istanbul akielekea kwingine, anakwenda kununua bidhaa, au ana wiki nzima ya mapumziko. Yanaanza na jiografia kwa makusudi, kwa kuwa wageni wengi huupanga mji huu kwa orodha ya majengo, ilhali wenyeji wake huupanga kwa kufuata maji.

Mji umegawanyikaje, na kwa nini mgeni anapaswa kulijua hilo kabla ya kufika?

Mlango wa bahari wa Bosporus, wenye urefu wa takriban kilomita 30, unaunganisha Bahari Nyeusi na Bahari ya Marmara, na katika kufanya hivyo unaukata mji vipande viwili: upande wa magharibi uko Ulaya na upande wa mashariki uko Asia. Upande wa Ulaya nao umekatwa tena na hori refu liitwalo Pembe ya Dhahabu. Kusini mwa hori hilo ndipo ulipo mji mkongwe, yaani Sultanahmet, Eminönü, Beyazıt na Laleli. Kaskazini mwake kuna Karaköy, Galata, Taksim na Beşiktaş. Na ng'ambo ya Bosporus, barani Asia, kuna Üsküdar na Kadıköy.

Istanbul ina wakazi zaidi ya milioni 15, na magari yake hukwama barabarani kila siku ya kazi. Mtu anayetaka kuona kasri la Topkapı asubuhi, kula mchana Kadıköy, kupanda mnara wa Galata alasiri na kutazama machweo Üsküdar anaweza kufaulu, lakini sehemu kubwa ya siku yake itapotea vituoni. Ushauri wetu ni kuutengea kila ukingo siku yake, kula katika ukingo huohuo, na kuvuka maji mara moja tu kwa siku, ikiwezekana jioni.

Siku ngapi zinatosha?

Siku tatu kamili ndizo kiwango cha chini chenye maana, moja kwa kila ukingo. Siku ya nne huongeza safari ndefu ya Bosporus au visiwa, na ya tano humpa mtu nafasi ya kurudi mahali alipopapenda.

Nina saa chache tu za kusubiri ndege nyingine. Je, inafaa kutoka uwanjani?

Inafaa iwapo una saa nane au zaidi na unaruhusiwa kuingia nchini. Masharti ya viza hutofautiana kwa uraia na hubadilika, kwa hiyo yathibitishe katika ubalozi wa Uturuki ulioko nchini mwako au kwenye mfumo rasmi wa viza za mtandaoni wa serikali ya Uturuki, si kwa wakala aliyekupigia simu. Turkish Airlines, ambayo hutua Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar, Entebbe na Kigali, huwapa abiria wake wanaosubiri kati ya saa 6 na 24 ziara ya bure ya mji iitwayo Touristanbul, pamoja na usafiri na mlo mmoja. Ziara hiyo ni ya haraka na hufuata saa zilizopangwa, ila kwa mtu mwenye nusu siku ni vigumu kupata iliyo bora zaidi. Uturuki hutumia saa ileile ya Kenya, Tanzania na Uganda mwaka mzima, kwa hiyo anayetoka huko hana haja ya kubadilisha saa wala kuhofia uchovu wa mabadiliko ya majira.

Ninatokaje uwanja wa ndege kwenda mjini?

Kwanza hakikisha tiketi yako inataja uwanja gani. Uwanja mkuu wa Istanbul, uliofunguliwa mwaka 2018, uko Ulaya, kaskazini kabisa mwa mji. Sabiha Gökçen uko Asia. Umbali kati ya viwanja hivi viwili ni mkubwa kiasi kwamba anayevichanganya huikosa ndege yake.

Kutoka uwanja mkuu, treni ya chini ya ardhi ya mstari wa M11 hufika Gayrettepe, ambako unabadilisha kwenda Taksim au mji mkongwe. Kwa mwenye masanduku mazito, mabasi ya Havaist ni nafuu ya mwili, kwa kuwa hayahitaji kupanda na kushuka ngazi. Sabiha Gökçen nao umeunganishwa na treni ya M4 inayokwenda hadi Kadıköy.

Je, ninahitaji kadi ya usafiri?

Ndiyo. Kadi iitwayo Istanbulkart hununuliwa kwenye mashine zilizoko vituoni na hutumika katika treni, tramu, mabasi na feri za umma. Watu kadhaa wanaosafiri pamoja wanaweza kutumia kadi moja kwa kuigusisha mara kadhaa mlangoni, ingawa punguzo la kubadilisha chombo hubaki kwa yule wa kwanza.

Mstari utakaoutumia zaidi ni tramu ya T1, inayopita Laleli, Beyazıt, Sultanahmet, Sirkeci na Eminönü, ikavuka daraja la Galata hadi Karaköy na kuishia Kabataş. Mgeni aliyepanga chumba karibu na mstari huo, hasa Sirkeci, ana tramu, treni na feri zote kwa mwendo wa miguu, na kwa safari fupi hatuoni mtaa unaoishinda Sirkeci.

Majengo gani ya mji mkongwe yasikose kutazamwa?

Hagia Sophia, ambayo Waturuki huiita Ayasofya, ilikamilika mwaka 537 chini ya Mfalme Justiniani baada ya ujenzi wa takriban miaka mitano. Ilikuwa kanisa kwa zaidi ya miaka 900, ikageuzwa msikiti baada ya Sultani Mehmet wa Pili kuuteka mji mwaka 1453, ikawa makumbusho katika miaka ya 1930, na ikarudishwa kuwa msikiti mwaka 2020. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni huingia kwa tiketi na hupelekwa kwenye roshani ya juu, wakati sakafu ya chini imetengwa kwa wanaokuja kuswali. Roshani si mahali pa kulalamikia: huko juu ndiko ziliko picha za kale za vigae vidogo, na ukiegemea ukingo wake unalitazama kuba, lenye upana wa takriban mita 31, kwa pembe ambayo aliye chini haipati.

Hatua chache kutoka hapo kuna birika la chini ya ardhi, Yerebatan, lililojengwa karne hiyohiyo ya sita ili kuhifadhi maji ya mji. Dari lake limebebwa na nguzo 336, na katika pembe ya mbali nguzo mbili zimesimama juu ya vichwa vya Medusa, mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, vilivyochongwa kwa mawe, kimoja kikiwa kimelala ubavu na kingine kimepinduliwa juu chini. Huko ndani kuna ubaridi hata Agosti. Wengi huliacha kwa saa za jua kali, nasi tunakubaliana nao.

Topkapı ilikuwa makao ya masultani wa Kiosmani kuanzia karne ya 15 hadi walipohamia kasri la Dolmabahçe mwaka 1856. Itengee saa tatu au nne, na kumbuka kwamba hufungwa Jumanne, ilhali Dolmabahçe hufungwa Jumatatu. Wageni wengi hukimbilia vito, lakini chumba kinachowagusa zaidi Waislamu ni kile cha masalia matukufu, ambamo Kurani husomwa mfululizo na msomaji aliyeketi ndani humohumo. Anayefuatilia tamthilia za Kituruki zinazoonyeshwa kwenye televisheni za kwetu atataka kuona pia harimu, yaani makazi ya wake na familia ya sultani, ambayo ina tiketi au mlango wake wa pekee. Aulizie hapohapo dirishani kabla ya kulipa.

Msikiti wa Sultan Ahmed, uliokamilika mwaka 1616 na maarufu kwa minara yake sita, hauna kiingilio. Hata hivyo, iwapo una muda wa msikiti mmoja tu, tungekuelekeza Süleymaniye. Msanifu majengo Mimar Sinan aliumaliza mwaka 1557 juu ya kilima kinachoitazama Pembe ya Dhahabu; watu ni wachache kuliko Sultanahmet, ua wake ni mtulivu, na makaburi ya Sultani Suleiman na mkewe Hürrem yako nyuma ya msikiti.

Je, kuna adabu za kuzingatia misikitini?

Vua viatu, funika mabega na magoti, na wanawake wafunike nywele. Watalii hawaruhusiwi kuingia wakati wa sala, na Ijumaa misikiti mikubwa hufungwa kwao hadi baada ya sala ya adhuhuri. Anayekuja kuswali haambiwi asubiri.

Nile wapi katika mji mkongwe bila kutozwa bei ya mtalii?

Tafuta lokanta, yaani mgahawa wa chakula kilichokwisha kupikwa, ambamo wafanyakazi na wenye maduka hula mchana. Utaitambua kwa kabati refu la kioo lenye mvuke, lililopangwa sinia za chakula: bilinganya zilizojazwa nyama ya kusaga, maharage meupe katika mchuzi wa nyanya, kuku na viazi, bamia ndogo, wali uliopikwa kwa siagi. Hakuna haja ya kujua Kituruki. Unasimama mbele ya kioo, unaonyesha kwa kidole, mpishi anapakua, na kama hujui unachokiona anaweza hata kukuonjesha kwa kijiko. Mkate huja mezani bila kuagizwa. Watu hukaa meza moja na wasiowajua, hula kwa haraka na kuondoka.

Lokanta ina saa zake. Chakula huiva kabla ya adhuhuri na kilicho bora huisha saa nane mchana. Anayefika saa kumi hupata masalio yaliyokauka pembeni mwa sinia, kisha anarudi nyumbani na kusimulia kwamba chakula cha Kituruki hakina ladha. Kwa hiyo ule mlo wako mkubwa mchana na uifanye jioni kuwa nyepesi.

Mbele ya msikiti wa Süleymaniye kuna safu ya migahawa inayosifika kwa jambo moja tu: maharage meupe kwa wali, pamoja na kachumbari na mtindi. Erzincanlı Ali Baba, iliyoanza mwaka 1924, ndiyo inayotajwa zaidi, ingawa majirani zake nao hawako nyuma. Ni mlo wa kushibisha kwa gharama ndogo, na baada ya kuzunguka msikiti miguu itakushukuru kwa kuketi.

Karibu na kituo cha tramu cha Sultanahmet, kwenye barabara ya Divanyolu, kuna mgahawa wa vinofu vya nyama ya kusaga vya kuchomwa uliokuwapo tangu mwaka 1920, Tarihi Sultanahmet Köftecisi Selim Usta. Orodha yake ya vyakula ni fupi mno: nyama hiyo, saladi ya maharage, supu, na haluwa ya semolina. Migahawa ya jirani imejipa majina yanayofanana nalo, kwa hiyo soma kibao chote kabla ya kuingia.

Migahawa inayotakiwa kukwepwa hujitambulisha yenyewe, kwa kuwa huweka mtu mlangoni wa kukuvuta kwa lugha tano. Migahawa hutakiwa kisheria kubandika bei mlangoni. Pasipo na bei, pita.

Kifungua kinywa cha Kituruki kinachosifiwa ni kipi, na je, cha hotelini kinatosha?

Ni meza iliyojaa visahani: jibini za aina mbili tatu, zeituni, nyanya na matango, mayai, asali na malai mazito yaitwayo kaymak, jamu, na mkate wa moto. Menemen, yaani mayai yaliyovurugwa ndani ya nyanya na pilipili hoho, huletwa ndani ya kikaango chake. Chai hujazwa tena na tena katika gilasi ndogo yenye kiuno. Ni chai ya rangi, na kuomba maziwa kutamshangaza mhudumu.

Cha hotelini hutosha siku za haraka. Lakini Jumapili moja, kama unayo, nenda Beşiktaş, ambako kuna uchochoro mzima wa migahawa ya kifungua kinywa unaojaa vijana, na usipange jambo lingine kabla ya adhuhuri.

Vipi kuhusu vyakula vya mtaani?

Simit, mkate wa mduara uliofunikwa kwa ufuta, huuzwa kwenye mikokoteni kila kona na ndio kifungua kinywa cha mwenye haraka. Ule wa asubuhi mapema hukatika kwa mlio, ule wa alasiri huvutika. Lahmacun ni mkate mwembamba wenye nyama ya kusaga juu yake, unaokamuliwa ndimu, kutiwa majani ya kotimiri na kukunjwa mkononi. Döner, yaani nyama inayochomwa ikizungushwa kwenye chuma na kukatwa vipande vyembamba, ikiwa nzuri hutambulika kwa kuangalia nyama yenyewe: ukiona tabaka za vipande vya nyama na mafuta, agiza; ukiona donge laini lisilo na mistari, hiyo ni nyama ya kusaga iliyoshindiliwa.

Jasiri wa tumbo ajaribu kokoreç, utumbo wa kondoo uliochomwa juu ya makaa, ukakatwakatwa kwa pilipili na kuwekwa ndani ya mkate. Kome waliojazwa wali wenye viungo huuzwa na wachuuzi usiku, kila mmoja akikamuliwa ndimu na kuliwa papo hapo. Tungewala pale penye wateja wengi tu, na si katika joto la Julai. Mtaa wa Ortaköy, chini ya daraja la kwanza la Bosporus la mwaka 1973, una vibanda vya viazi vikubwa vya kuoka vinavyojazwa kila kitu kilichoko mezani. Hupendwa sana na watoto, nasi tunavielewa bila kuvishabikia.

Samaki je?

Pembezoni mwa daraja la Galata, huko Eminönü na Karaköy, utakuta vibua wakichomwa na kuwekwa ndani ya mkate pamoja na vitunguu na saladi. Ni mlo wa kusimama, mifupa midogo huweza kubaki, na harufu yake hukufuata hadi jioni. Migahawa iliyo chini ya daraja lenyewe ina mandhari nzuri na sifa mchanganyiko; samaki mzima huuzwa kwa uzito, kwa hiyo apimwe na bei itajwe kabla hajaingia motoni. Majira ya baridi ndiyo ya hamsi, samaki wadogo mfano wa dagaa wetu, wanaopakwa unga wa mahindi na kukaangwa hadi waliwe pamoja na miba yao.

Ninywe kahawa na kula vitamu wapi?

Kwa baklava, kitamu cha tabaka nyembamba za unga na kokwa kilicholoweshwa shira, nenda Karaköy Güllüoğlu, karibu na gati ya feri ya Karaköy, iliyopo tangu mwaka 1949. Unalipa kwanza, unachukua risiti hadi kwenye sinia, kisha unatafuta pa kukaa. Vipande vitatu au vinne vinamtosha mtu mmoja. Baklava safi hulia chini ya meno na haimwagi shira sahanini.

Nyuma ya Soko la Viungo lililoko Eminönü, harufu itakuongoza hadi dirisha la Kurukahveci Mehmet Efendi, wachoma kahawa tangu mwaka 1871, ambako foleni ni ndefu lakini hutembea. Hapo hununuliwa kahawa ya kusagwa ya kupeleka nyumbani. Ya kunywa huletwa mikahawani katika kikombe kidogo, na sukari hutiwa wakati wa kupika, kwa hiyo useme kiasi unachotaka unapoagiza. Usiikoroge ikishafika, na machicha yaliyotulia chini hayanywewi.

Msimu wa baridi, Vefa Bozacısı, iliyoanzishwa mwaka 1876 katika mtaa wa Vefa ulio jirani na Süleymaniye, huuza boza: kinywaji kizito cha nafaka kilichochachushwa kidogo, kinachonyunyiziwa mdalasini. Wateja hununua dengu za kukaanga katika duka la mkabala na kuzitia juu yake. Si kila mtu huimaliza gilasi yake.

Je, chakula chote ni halali?

Nyama inayouzwa katika migahawa ya kawaida ni halali kwa sehemu kubwa kabisa, na nyama ya nguruwe ni nadra. Pombe huuzwa kihalali, hasa katika meyhane, migahawa ya jioni ya visahani vidogo na samaki inayopatikana kwa wingi Beyoğlu na Kadıköy. Asiyependa kukaa palipo na pombe atastarehe zaidi katika lokanta, kwa kuwa nyingi haziuzi.

Kuna nini upande wa Asia cha kumfanya mgeni avuke?

Kuna mji ambao haujipambi kwa ajili yake. Panda feri kutoka Eminönü au Karaköy hadi Kadıköy. Safari ni ya takriban dakika 20, na muuza chai hupita na sinia yake kabla hujapata kiti. Ukishuka, vuka barabara hadi sokoni: mitaa ya waenda kwa miguu iliyojaa wauza samaki, zeituni, achari na jibini, ambamo wanunuzi ni wakazi wanaokwenda kupika. Katika mtaa wa Güneşlibahçe kuna Çiya Sofrası, mgahawa ulioanzishwa mwaka 1987 na mpishi Musa Dağdeviren, aliyejulikana kwa kukusanya mapishi ya vijiji vya Anatolia yaliyokuwa yakisahaulika. Sufuria hubadilika kwa msimu. Usiagize kebabu huko, maana kebabu utaipata popote. Chukua kidogokidogo cha vile usivyovijua, na umalize kwa zeituni au boga lililopikwa kwa sukari.

Üsküdar ni ya utulivu zaidi na ya kidini zaidi. Kanaat Lokantası, iliyofunguliwa mwaka 1933, iko mwendo mfupi kutoka gatini na ni miongoni mwa lokanta kongwe za mji. Ukishakula, tembea kusini kando ya maji hadi mkabala na Kız Kulesi, mnara mdogo uliosimama baharini. Watu hukaa kwenye ngazi za ufukweni na gilasi za chai wakilitazama jua linavyozama nyuma ya minara ya mji mkongwe. Kurudi, tumia treni ya Marmaray, iliyofunguliwa Oktoba 2013, inayopita chini ya Bosporus na kukufikisha Sirkeci kwa dakika chache. Wakati wa kuijenga, katika eneo la Yenikapı, wachimbaji walikuta bandari ya kale yenye mabaki ya meli 37, na kazi ikachelewa kwa miaka.

Je, nichukue boti ya kitalii ya Bosporus?

Feri za umma za Şehir Hatları hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo. Zina ziara fupi ya takriban saa mbili kutoka Eminönü, na ndefu inayofika Anadolu Kavağı, kijiji kilicho karibu na mdomo wa Bahari Nyeusi, ambako husimama kwa saa kadhaa za kula na kupanda hadi kwenye ngome iliyo kilimani. Kaa upande mmoja unapokwenda na upande wa pili unaporudi. Upepo mkali wa kusini uitwao lodos ukivuma, feri husitishwa. Panga siku hiyo kuwa ya kubadilika.

Na visiwa?

Büyükada na wenzake, visiwa vilivyoko Bahari ya Marmara, hufikiwa kwa feri kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu. Magari binafsi hayaruhusiwi, na mikokoteni ya farasi iliondolewa mwaka 2020, nafasi yake ikachukuliwa na vyombo vya umeme. Nenda siku ya kazi. Mwishoni mwa juma, wakati wa kiangazi, gati hujaa hadi feri huondoka zikiwaacha watu.

Ninataka kununua. Nianzie wapi?

Inategemea unanunua ili utumie au ili uuze.

Kwa zawadi, Kapalıçarşı, soko lililofunikwa ambalo chanzo chake ni karne ya 15, lina takriban maduka 4,000 katika mitaa zaidi ya 60. Hufungwa Jumapili. Bei ya kwanza inayotajwa ni mwanzo wa mazungumzo, chai inayotolewa haikulazimishi kununua, na kuondoka kwa upole ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote. Kwa viungo, lokum (vitamu laini vya Kituruki) na sabuni, teremka vichochoro vya Tahtakale, kati ya Kapalıçarşı na Soko la Viungo, wanakonunua wenyeji. Ndani ya Soko la Viungo lenyewe unalipia pia dari.

Kwa mfanyabiashara wa nguo, Laleli ndiyo inayojulikana zaidi na Waafrika, na utasikia Kiswahili vibarazani. Maduka mengi huko huuza kwa jumla, kwa fungu lenye saizi zote za mtindo mmoja, na huenda yasikuuzie nguo moja. Osmanbey husifika kwa nguo za kike za daraja la juu, na Merter ni eneo jingine kubwa la jumla. Tembelea maduka kadhaa bila kununua siku ya kwanza, shika kitambaa, angalia mishono kwa ndani, na uandike bei. Kuhusu kampuni za kusafirisha mzigo, ulizia kwa mtu aliyekwishapokea wake, na upate kwa maandishi uzito, gharama na anayelipa ushuru mwisho wa safari.

Ninasafiri na watoto. Nifanyeje?

Jumba la makumbusho la Rahmi Koç, kando ya Pembe ya Dhahabu, lina magari, treni na nyambizi halisi, na Miniatürk ina majengo ya nchi nzima yaliyopunguzwa. Bustani ya Gülhane, chini ya kuta za Topkapı, haina kiingilio na ina nafasi ya kukimbia. Paka wa mitaani wako kila mahali na wamezoea watu. Waambie watoto wawaguse kwa kiasi.

Msimu gani ni mzuri?

Aprili na Mei, kisha Septemba na Oktoba. Aprili tulipu huchanua katika bustani ya Emirgan. Desemba hadi Februari kuna baridi, mvua na pengine theluji, na mtu aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki bila koti zito ataishia kulinunua siku ya kwanza. Katika mwezi wa Ramadhani migahawa ya maeneo ya watalii huendelea kufunguliwa mchana, na jioni familia hufuturu kwenye nyasi za uwanja wa Sultanahmet; siku ya kwanza ya Idi masoko hufungwa.

Kuna ulaghai wa kujihadhari nao?

Mji kwa jumla ni salama, lakini wajanja wapo. Mng'arisha viatu akiangusha brashi mbele yako, mwache aiokote mwenyewe, kwa sababu ukiiokota atakung'arishia viatu kwa "shukrani" na kudai malipo makubwa. Mtu mchangamfu anayekualika kinywaji maeneo ya Taksim usiku humpeleka mgeni kwenye baa ya bei za kutisha. Katika teksi, hakikisha mita inawashwa na ufuate njia kwenye simu yako. Namba ya dharura ni 112.

Nibebe pesa gani, na simu na umeme vikoje?

Fedha ya nchi ni lira, na thamani yake imekuwa ikishuka kwa miaka kadhaa, kwa hiyo badilisha kidogokidogo kadiri unavyotumia. Dola na euro hubadilishwa kirahisi kwenye maduka ya fedha yaliyoko mjini, ambayo kwa kawaida yana viwango vizuri kuliko ya uwanja wa ndege, shilingi usiitegemee. Kadi za benki hupokelewa karibu kila mahali, isipokuwa kwa wachuuzi na baadhi ya lokanta kongwe. Bakshishi ya takriban asilimia 10 ni ya kawaida katika mgahawa wa kuhudumiwa mezani.

Laini ya simu ni ghali uwanjani kuliko mjini, na inahitaji pasipoti. Soketi za umeme ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo chaja ya pini tatu ya kwetu inahitaji adapta. Inunue kabla ya safari, kwa sababu utakapoikumbuka huenda ikawa usiku wa manane na simu yenye anwani ya hoteli imezimika.